Sauti Iliyoishia Nyuma

Mpelelezi alikuwa ameisikiliza sauti ya marehemu mara nyingi mno hata akaanza kuizoea, na hilo halikumpendeza. Sauti yenyewe haikuwa na maneno mengi. "Njoo," ilisema. Kisha injini ikanguruma peke yake kwa kitambo. Halafu, "Simama." Halafu kwa nguvu zaidi, "Simama! Mlingoti, simama!" Baada ya hapo lilikuwapo jambo ambalo si neno, na mpelelezi alikuwa amejifunza kuizima mashine kabla ya kufika hapo.

Machoni pa wengi kesi ilikuwa imekwisha. Siku ya mazoezi, gari la deraya lilikuwa likirudishwa nyuma ili liingie kwenye banda la zege. Mkuu wa gari, sajenti ambaye wenzake walimpachika jina la Redio kwa sababu kumtoa neno ilikuwa kazi, aliteremka, akashika mkono wa simu uliofungwa mgongoni mwa gari ili amwongoze dereva. Dereva alikuwa ndani, kifuniko kimefungwa, haoni nje ila kwa skrini inayoonyesha picha ya kamera ya nyuma. Dereva hakusimama. Redio alibanwa kati ya chuma na ukuta, akafa palepale. Dereva mwenyewe, koplo aitwaye Mlingoti kwa urefu wake, alisema hakusikia amri yoyote ya kusimama. Kinasa sauti cha gari kilisema amri ilitolewa, tena si mara moja. Kati ya mtu na mashine, kambi nzima iliichagua mashine.

Mpelelezi aliingia ofisini kwa Meja, mkuu wa karakana, akamkuta anakunywa chai.

"Bado unalizunguka lile gari?" Meja aliuliza. "Limekosa nini tena? Limepimwa, ni zima. Mtu kaambiwa simama, hakusimama. Jioni ya leo jalada linakwenda mahakama ya kijeshi, nami nitalala."

"Akipatikana na hatia hatoki jela akiwa kijana, afande."

"Na mwenzake hatoki kaburini. Unataka nini?"

"Nataka gari, fundi wa faiba, na muda mpaka jioni."

Meja alimtazama kwa jicho la mtu anayehesabu hasara. "Chukua," akasema. "Lakini ukitoka kapa, usinirudie."

Mpelelezi alipiga saluti akatoka. Alikuwa mwanamke wa makamo, mnene kidogo, mwenye mwendo wa taratibu uliowafanya watu wamdhanie mvivu. Alihamishiwa kambi hii kabla ya mvua, na mpaka sasa hakuwa na mtu wa kukaa naye mezani. Akiingia mesi, mazungumzo hushuka. Akikaa, wenzake hukumbuka ghafla kwamba wameshiba. Hawakumchukia. Ni kwamba hakuna anayependa kutafuna chakula mbele ya mtu ambaye kazi yake ni kuuliza. Alikuwa amezoea, au ndivyo alivyomwandikia dada yake, na dada yake hakuamini.

Gari lilikuwa pembeni mwa karakana, limetengwa kwa utepe. Fundi wa faiba alikuwa juu yake tayari, mfupi, mwembamba, na glavu nyeupe mikononi. Walimwita Daktari. Hagusi ncha ya faiba bila kuisafisha kwa kitambaa maalumu na kuitazama kwa hadubini, na akikuta mwenzake ameigusa kwa kidole cha grisi, anaumwa siku nzima.

"Nielezee tena, Daktari," mpelelezi alisema. "Kama unamweleza mama yako."

"Mama yangu angeelewa haraka kuliko wewe, dada." Daktari aliteremka. "Magari ya zamani yalikuwa na mafungu ya nyaya za shaba, mazito, na redio zikipiga kelele nyaya zinadaka kelele zote. Humu kila kitu kinapita kwenye faiba, uzi wa kioo mwembamba kuliko unywele. Sauti inageuzwa mwanga, picha inageuzwa mwanga, inakimbia ndani ya kioo mpaka upande wa pili, inageuzwa tena. Hakidaki kelele, hakichomeki kwa umeme. Kitu safi kabisa."

"Na kikikatika?"

"Zipo njia mbili, kushoto na kulia. Moja ikifa, nyingine inabeba."

"Zote mbili nzima?"

Daktari alivua glavu moja, akaivaa tena. "Ya kushoto ilikuwa imekufa," akasema kwa sauti ya chini. "Nimeigundua jana. Kwenye kiungo kuna chembe ya mchanga, imekwaruza kioo. Mwanga haupiti. Sijui ni lini ilianza, kwa sababu ya kulia ilikuwa inabeba kazi yote na taa ilibaki kijani. Nimemwandikia Meja, sijui kama amesoma. Nimemwandikia kwamba kiungo kile nilikifunga mimi."

Mpelelezi alimtazama. Uso wa fundi ulikuwa umekauka.

"Hicho ndicho kilichomuua Redio?"

"Hapana. Ndiyo maana naumia kichwa. Ya kulia ni nzima. Nimeipima asubuhi, nimeipima mchana, nimetikisa gari, nimewasha injini. Mwanga unapita vizuri. Ya kulia ikiwa nzima, dereva anasikia. Nimetafuta kosa langu limalize kesi, halimalizi."

Kwa hiyo njia ile ya uchunguzi ilikuwa imeziba. Mpelelezi alizunguka gari, mikono nyuma, akasimama penye mlango mkubwa wa mgongoni.

"Kinasa sauti kimekaa wapi?"

"Hapo hapo ulipo. Chini ya benchi la askari."

"Na dereva yuko mbele kabisa." Alinyoosha kidole toka nyuma kwenda mbele, polepole. "Redio anaongea hapa kwenye mkono wa simu. Sauti inaingia kwenye kinasa sauti hapa. Halafu ndiyo inasafiri kwenda kwa dereva?"

"Ndiyo."

"Kwa hiyo hii mashine iliyomtia mwenzetu mahabusu inajua alichosema Redio. Alichosikia Mlingoti, inakijulia wapi?"

Daktari aligeuka akalitazama benchi. Akakaa kwenye ngazi ya gari.

"Haikijui," akasema. "Sote tumesikiliza ile sauti tukaona mambo yamekwisha. Lakini bado, dada, uzi wa kulia ni mzima. Nitakupimia hata sasa."

"Ukipima, unakaa wapi?"

"Kwenye kiti cha dereva. Kifuniko wazi, nipate hewa."

Mpelelezi aliliandika jibu hilo. Alikuwa ameshika uzi, lakini hakuona unaelekea wapi, na hakuwa mtu wa kujisifu kabla ya kufika. Aliondoka kwa miguu kwenda mahabusu.

Mlingoti alikuwa amekaa kwenye benchi la saruji, mgongo ukutani, na magoti yake marefu yalikuwa juu karibu na kidevu. Hakuinuka haraka. Tangu siku ile alikuwa akisema maneno machache, na mkewe aliyekuja kumwona aliondoka akilia kwa sababu mumewe alimwuliza habari za watoto kisha hakusubiri jibu.

"Umekula?"

"Nimekula, afande."

Sahani ilikuwa mlangoni, haijaguswa. Mpelelezi alikaa upande wa pili wa benchi.

"Kwenye maelezo yako umesema ulimwona Redio kwenye skrini."

"Nilimwona."

"Alikuwa wapi?"

"Mbali. Amesimama mbali, mkono juu, ananiita nije."

"Mpaka lini?"

"Mpaka mwisho." Mlingoti alijifuta uso kwa kiganja. "Hapo ndipo wananiona mwongo, au kichaa. Gari liligonga, nikahisi kabisa limegonga kitu, na kwenye skrini yeye bado amesimama mbali, mkono juu. Nilisema moyoni, nimegonga nini, mbona Redio yuko kule? Nikafungua kifuniko nitoke. Afande, yule niliyemwona kwenye skrini si yule niliyemkuta ukutani."

Mpelelezi aliacha kuandika. Wapelelezi waliomtangulia walikuwa wamepigia mstari maneno hayo kuwa ushahidi wa uongo. Lakini mwongo hutunga kitu kinachomfaa, na hiki hakikumfaa Mlingoti hata kidogo. Kilikuwa kitu cha kweli ambacho hakuna aliyejisumbua kukiamini.

"Picha iliganda," alisema.

"Sijui, afande."

"Kanuni inasemaje sauti ikikatika?"

"Simama."

"Kwa nini hukusimama?"

Mlingoti alijibu akiitazama sakafu. "Kwa Redio sauti haikuwa inakatika. Haikuwapo. Akisema 'njoo' amemaliza, anarudi kimya, nawe unakuja mpaka akuambie simama. Wengine wanapiga porojo, kidogo kushoto, kidogo kulia, haya baba, haya. Yeye hapana. Kimya chake ndiyo maana yake endelea. Tumefanya hivyo miaka, tukacheka kanuni. Humo ndani nikimsikia kimya nilikuwa najua yuko. Hilo kosa ni langu, liandike. Nilikuwa naendesha na kimya cha mtu aliyekwisha kuniita."

Mpelelezi aliliandika. Kisha aliyatazama tena yale magoti, akamkumbuka Daktari na miguu yake mifupi iliyoning'inia kwenye ngazi.

"Siku ile kiti ulikikalisha vipi?"

"Chini kabisa. Kifuniko kikifungwa, bila kukishusha kichwa changu kinagonga chuma. Wafupi ndio wanaendesha kwa raha. Hata siku ile nilijiinua kidogo kuitazama skrini, aliposema 'njoo' ndipo nikakaa."

"Na miguu?"

"Zamani palinibana upande wa kulia. Siku hizi afadhali, pana nafasi. Nadhani karakana walipanga upya."

Mpelelezi alisimama kwa kasi ambayo mlinzi wa mlangoni hakuitarajia.

Karakanani alimwomba Daktari amulike tochi ndani, akajiingiza mwenyewe, kwa tabu, kichwa chini, mpaka uso wake ukawa karibu na reli za kiti cha dereva. Kulikuwa na vumbi na harufu ya dizeli. Faiba ya kulia, ambayo kwenye mchoro ilipita ubavuni, usawa wa goti la dereva, haikuwa ubavuni. Ilikuwa imetolewa kwenye vishikizo vyake, ikapitishwa chini ya kiti, ikazungushwa kwenye reli na kufungwa kwa utepe mweusi, kazi ya mkono wenye subira.

"Nani amefanya hivi?" Daktari alinong'ona nyuma yake. "Si mimi. Wallahi si mimi."

"Nijibu la kazi kwanza. Kiti kikishuka mpaka chini?"

"Kinaikunja. Ukiwa mwepesi kama mimi, kiti kikiwa juu, haiguswi. Mtu mzito akikaa kimeshushwa..." Alimulika ile kona. "Kioo hakipendi kukunjwa kwa nguvu. Hakikatiki, lakini mwanga unamwagikia nje kwenye kona. Ukiondoa uzito, kona inafunguka, mwanga unarudi. Ndiyo maana kila nikipima naikuta nzima. Na ya kushoto imekufa, hakuna wa kubeba. Skrini nayo ikikosa picha mpya inabaki na ile ya mwisho."

"Na taa ya hitilafu?"

"Iko mbele ya kiti cha mkuu wa gari. Siku ile kiti kilikuwa kitupu. Yeye alikuwa nje."

Mpelelezi hakutoka. Pale faiba ilipogusa reli, mtu alikuwa ameilaza juu ya mpira laini ili isisuguliwe. Alifungua utepe kidogo kwa ukucha. Ulikuwa mpira mweusi wenye ukingo wa mviringo, umekatwa kwa wembe. Alipanda mpaka kiti cha mkuu wa gari. Darubini ya hapo ilikuwa na mpira wake wa kuegemeza jicho, mzima. Kwenye kimfuko kilichoning'inia pembeni mlikuwa na mpira wa akiba, nusu yake tu. Aliviweka vipande viwili pamoja, vikakutana sawasawa.

Mpira wa darubini hiyo hushikwa na mkuu wa gari peke yake. Redio aliona mwenzake anabanwa, hakusema, maana hakuwa msemaji. Siku moja alikaa peke yake humu ndani akampa nafasi. Alifanya kwa uangalifu wote aliokuwa nao, isipokuwa hakujua kwamba uzi wa kioo hautaki kona kama waya wa shaba.

"Dada," Daktari aliita toka chini, "unalia?"

"Vumbi," mpelelezi alijibu. Akatia vipande vya mpira kwenye bahasha ya ushahidi. "Hili la nani aliihamisha faiba, nitamweleza Meja mwenyewe. Mlingoti asiambiwe leo. Leo atoke kwanza. Lingine atalibeba akiwa na mkewe karibu."

Meja alikuja jua likianza kulegea, amekunja uso. Mlingoti aliletwa na walinzi wawili, na watu wa karakana waliacha spana zao wakasogea. Mpelelezi aliupanga mtihani kama ulivyokuwa siku ya msiba. Mlingoti akae kwenye kiti cha dereva, spika masikioni na kipaza sauti mdomoni, kifuniko kifungwe. Akisikia neno lolote apige chuma kwa spana. Meja na Daktari wakae juu, penye kiti cha mkuu wa gari, watazame taa. Mpelelezi mwenyewe alikwenda nyuma, akachukua mkono wa simu, akasimama alipokuwa amesimama Redio. Injini haikuwashwa. Hakuna aliyetaka iwashwe.

"Simama," alisema kwenye simu.

Ngo! Spana iligonga ndani.

"Simama."

Ngo!

"Kijani," Meja alisema juu, kwa sauti ya mtu anayepotezewa muda.

"Mwambieni ashushe kiti mpaka chini."

Daktari aligonga kifuniko mara mbili, ishara waliyokubaliana. Kukasikika mkwaruzo wa reli.

"Simama," mpelelezi alisema.

Hakuna kitu.

"Simama! Mlingoti, simama!"

Chuma kilikuwa kimya. Watu wa karakana walitazamana.

"Nyekundu," Daktari aliita, na sauti yake ilipasuka. "Afande Meja, nyekundu hii hapa!"

Meja aliitazama taa kwa karibu. Alipoinamia upande wa nyuma, uso wake ulikuwa umebadilika. "Kinasa sauti kinanasa?"

"Kinanasa, afande."

"Basi usinyamaze. Isije mahakamani wakasema ilikuwa dakika moja ya bahati mbaya. Ongea, kijae sauti yako, mimi nikae na hii taa. Sema lolote."

Mpelelezi aligeuka upande wa ukuta, mkono wa simu mdomoni. Alihesabu namba mpaka akachoka. Alitaja siku za wiki. Kisha akaona upuuzi kuhesabu, na kwa kuwa alikuwa na hakika hakuna anayesikia upande wa pili, aliteremsha sauti akaongea.

"Koplo, huko ndani hunisikii, na pengine ndiyo maana nakuambia. Nimekaa kambi hii tangu kabla ya mvua, na mtu niliyeongea naye kuliko wote ni wewe, tena kwa mahojiano. Nikirudi chumbani nawasha taa zote kabla ya kuvua viatu. Nimemsikiliza rafiki yako kila siku, nikamwonea wivu, maana yeye alikuwa na mtu wa kunyamaza naye." Alivuta pumzi. "Leo utatoka. Lakini lipo moja sitakuambia leo. Faiba haikuhamishwa na karakana. Ni Redio. Aliitoa penye goti lako akaipitisha chini ya kiti, akaifungia na mpira wa darubini yake isikwaruzike. Alitaka ukae vizuri. Hakujua. Kazi nzuri kabisa, koplo, ya mtu aliyekupenda, na ndiyo iliyomfanya asisikike alipokuita. Sijui nitakuambiaje hilo usoni."

Alinyamaza. Kwenye sikio lake, ambalo mpaka hapo lilikuwa limejaa kimya kitupu, kulikuwa na kitu. Ilikuwa pumzi ya mtu.

Juu, Daktari alisema taratibu, "Afande, taa imerudi kijani. Imerudi muda kidogo."

Mpelelezi alishika mkono wa simu kwa mikono yote miwili. "Mlingoti?"

"Kiti kimeniuma, afande." Sauti ilikuwa karibu sana, safi, kama Daktari alivyosifia. "Nimejiinua kidogo. Samahani. Nilitakiwa kupiga spana."

"Umesikia kuanzia wapi?"

Alisikika akihema, kisha akahema tena.

"Goti hili lina ugonjwa tangu niko kuruta," alisema hatimaye. "Nilificha wasinitoe kwenye magari. Daktari wa kambi hajui. Hata mke wangu hajui. Redio sikuwahi kumwambia, afande, hata siku moja. Alijuaje?"